Mashoto

Sanduku lilifika saa kumi na mbili kasoro,
juu ya pikipiki, limefungwa kwa mpira wa tairi bovu,
na Eliakunda akalishusha taratibu
kana kwamba ndani mna mgonjwa.

Sisi wanane wa timu ya Moshi tulikuwa ngazini pa klabu,
vikombe mkononi, baridi ya Julai masikioni.
Mlima haukuonekana. Hakuna aliyeuulizia.
Arusha walikuwa Boma Ng'ombe, wanakunywa supu,
walisema kwa simu, na tuliwasikia wakitafuna.

Nahodha Hasmukh akapasua gundi kwa ufunguo wa gari.
Fimbo zikatoka moja moja ndani ya nailoni,
vichwa vikimeta kama sufuria za bibi harusi,
zikanuka mpira mpya, harufu ile ya viatu vya shule
wiki ya kwanza ya Januari.

Akaita majina, akagawa.
Kisha akanyamaza. Akainua moja kwenye mwanga,
ya pili, ya tatu, akacheka:
"Hizi saba wamekosea. Zimegeuka."

Hazikugeuka.

Miaka kumi na mmoja nimecheza gofu kwa mkono wa watu:
fimbo za kuazima, za marehemu daktari,
za mgeni aliyesahau begi akapanda ndege,
zote zikitazama upande mmoja kama waumini.
Mimi nilizaliwa nikiutazama mlango.

Bibi yangu, Kibosho, aliufunga mkono huu kwa kitambaa
kila nilipokula. Mwalimu akaumalizia kwa rula
hadi herufi zangu zikahamia kulia, zikiyumba,
kama watu waliovunjiwa nyumba kupisha barabara.
Hawakuwa wabaya.
Walitaka nijue kusalimia.
Baadaye, chumba cha upasuaji, usiku baada ya usiku,
nilikabidhi mikasi kwa mkono ulionijia,
na hakuna aliyelala pale mezani akauliza ni upi.

"Fomu niliijaza mimi," akasema Thadei,
kedi wangu wa zamani, leo mwenzangu kwenye timu.
"Paliandikwa: kulia au kushoto.
Dada Aisaria, nimebeba begi lako miaka sita.
Nimeona unavyomenya chungwa."

Nikashuka uwanja wa mazoezi na ile chuma namba saba.
Glavu yangu ilikuwa ya mkono usiohusika tena,
nikaitia mfukoni.
Pigo la kwanza lililima shamba.
La pili liliusukuma mpira hatua nne,
ukakaa pale, umenuna, mtoto aliyenyimwa soda.
Thadei hakusema kitu. Hasmukh akaangalia saa.

La tatu sijui kama nililipiga.
Kiuno kiligeukia kule kilikotaka tangu Kibosho,
bega likafuata bila kuombwa,
na chini, majanini, chuma ikatamka neno moja,
fupi, kavu,
ambalo miaka yote nililisikia likitoka kwa wengine.
Mpira ukapanda ukaipita mijakaranda,
ukakawia angani kiasi cha mtu kusema *haa*,
na mtu alisema, nadhani ni mimi.

Sitawadanganya kuhusu mechi.
Mwili uliofungwa haufunguki kwa asubuhi moja.
Shimo la pili nilisimama upande wa zamani, wakacheka,
nikacheka. La sita niliutia mpira kwenye mfereji.
Naishiye wa Arusha, mwalimu wa hesabu, mpole, hana huruma,
alinimaliza shimo la kumi na saba.
Timu yetu ilishinda kwa nusu pointi,
na nusu hiyo haikuwa yangu.

Akaja kunipongeza, kofia kwapani, kiganja wazi.
Nikampa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa,
nikainama kidogo, bibi angefurahi.
Wa kushoto haukupatikana.
Ulikuwa umeshika fimbo
na haukutaka kuiweka chini.